Watoto wa katikati: redio ilifundisha, lakini nani alisahihisha daftari?

Jumapili, Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zinafungwa. Za kutwa zilifungwa kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano. Wengi wetu tulidhani ni mambo ya wiki chache.

Kwa mtoto wa darasa la sita au la saba, wiki hizo chache zikawa zaidi ya miezi tisa. Hakurudi darasani mpaka Januari 4, 2021.

Kwa nini tunaifufua habari hii? Kwa sababu si korona peke yake inayofunga shule. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili nchini Kenya kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Mwaka huohuo, kipindupindu kilichelewesha shule kufunguliwa nchini Zambia. Siku nyingine kama hiyo itakuja, na ikija, redio na simu ya kabambe ndizo zitakazokuwa shule ya watoto wengi wa vijijini. Ni vizuri tukumbuke nini kilifanya kazi na nini hakikufanya.

Watoto wa katikati ni akina nani?

Tunawazungumzia wale wa miaka 11 hadi 14. Mwaka 2020 walikuwa darasa la tano hadi kidato cha kwanza. Leo wengi wa umri huo wako Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ngazi iliyoanza Januari 2023.

Tunawaita wa katikati kwa sababu ndivyo walivyotendewa. Shule zilipofunguliwa kwa sehemu, Oktoba 12, 2020, waliorudi ni Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Wa darasa la nane na kidato cha nne walikuwa wakisubiri KCPE na KCSE, mitihani iliyokuwa imesogezwa hadi 2021. Wa katikati hawakuwa na mtihani wa taifa wa kuwaita, kwa hiyo walibaki nyumbani karibu miezi mitatu zaidi.

Kuna jambo jingine. Mwezi Julai 2020, Waziri wa Elimu wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na wanafunzi wangeurudia mwaka unaofuata. Fikiria mtoto wa miaka 13 aliyekuwa akisikiliza hesabu redioni kila asubuhi. Kuanzia siku hiyo alijua kwamba anayofundishwa leo atafundishwa tena mwakani. Ungemwambia nini ili aendelee kushika kalamu?

Umri huu una mtego wake. Mtoto wa miaka 12 ameshakua kiasi cha kuchunga ng'ombe, kuteka maji, kulea wadogo zake au kutumwa kazi ya kibarua. Lakini hajakua kiasi cha kujipangia ratiba ya masomo na kuifuata peke yake. Mdogo wake akiachwa, anacheza. Kaka yake wa kidato cha nne ana mtihani unaomsukuma. Yeye wa katikati hana wa kumsukuma, na kazi za nyumbani ziko tele.

Masomo yaliwafikiaje?

Serikali haikukaa bure. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilitoa masomo kupitia redio za shirika la utangazaji la taifa KBC, zikiwemo Redio Taifa na Idhaa ya Kiingereza. Masomo mengine yalikuwa kwenye chaneli yake ya televisheni iitwayo Edu, kwenye YouTube na kwenye tovuti yake ya masomo.

Nani aliweza kuyapata? Sensa ya mwaka 2019, iliyofanywa miezi michache tu kabla ya korona, inatupa picha. Kati ya kila nyumba 100 nchini Kenya, takriban 57 zilikuwa na redio, 41 zilikuwa na televisheni inayofanya kazi, 18 zilikuwa na intaneti, na 9 tu ndizo zilizokuwa na kompyuta au tableti. Hizo ni hesabu za nchi nzima, miji ikiwemo.

Kwa hiyo darasa la YouTube lilikuwa la wachache. Mzazi aliyekuwa na simu ya kisasa alikuwa bado na bando la kununua, na simu yenyewe ilikuwa moja kwa watoto watatu, tena akienda shambani au sokoni anaondoka nayo mfukoni. Duniani kote, UNICEF ilikadiria Agosti 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuwa na njia yoyote ya kusoma kwa mbali shule zao zilipofungwa.

Kwa hesabu hizo redio ndiyo iliyoshinda. Lakini tusijipigie makofi mapema.

Ukweli kuhusu redio, kutoka kwa watu wa redio

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme kituo kinatenga saa sita kwa siku kwa ajili ya masomo, kila somo nusu saa. Hayo ni masomo 12. Ukiyagawa kwa madarasa manane ya msingi na vidato vinne, kila darasa linapata somo moja kwa siku. Shuleni, mwanafunzi wa darasa la saba alikuwa na vipindi 40 kwa wiki, yaani vinane kwa siku. Somo moja dhidi ya vipindi vinane! Na kama redio ilizima betri nusu saa hiyo, au mama alimtuma dukani, siku imekwenda.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba redio inasema lakini haisikii. Mwalimu darasani anaona uso wa mtoto aliyepotea kwenye sehemu na desimali. Anapita kati ya madawati, anaona kosa, anaweka alama ya wino mwekundu, anasema rudia hapa. Mtangazaji hawezi. Mtoto anaweza kuandika jibu lisilo sahihi wiki nzima akiamini yuko sawa.

Ufundishaji kwa redio si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilifanya mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza. Masomo yalikuwa ya nusu saa. Sauti iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha ikatoa jibu. Watoto wale, hata hivyo, walikuwa darasani na mwalimu wao yupo, akisikiliza nao. Mwaka 2020 tuliipata redio bila mwalimu.

Mzazi naye alikuwa katika hali ngumu. Kuanzia darasa la nne masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Nyanya anayelea wajukuu, au baba aliyeachia shule darasa la tano, alihisi kwamba hana la kusaidia. Wengi walikaa kimya, si kwa kutojali, bali kwa kuona aibu mbele ya mtoto.

Kilichopotea si masomo peke yake

Shule ni mahali ambapo mtu mzima anajua uko wapi saa nne asubuhi. Hilo nalo lilikatika.

Utafiti uliofanywa kaunti ya Siaya na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha wasichana wa sekondari waliokumbwa na kufungwa kwa shule na wale waliomaliza kabla ya korona. Waliokumbwa na kufungwa walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu hivi ya kuacha masomo. Wasichana hao walikuwa wakubwa kidogo kuliko watoto tunaowazungumzia hapa, lakini mlango waliopitia kutoka shuleni ni uleule.

Mtoto aliyeacha kusikiliza masomo mwezi Mei hakuna aliyemkosa, kwa sababu redio haiiti majina. Pengine ndiyo hasara kubwa kuliko zote: hakukuwa na rejista.

Botswana walijaribu simu ya kawaida

Mwaka huohuo wa 2020, watafiti nchini Botswana walifanya jaribio na zaidi ya familia 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Familia za kundi moja zilitumiwa ujumbe mfupi wenye hesabu za wiki. Za kundi la pili zilitumiwa ujumbe uleule, halafu mara moja kwa wiki mwalimu akapiga simu na kuzungumza na mtoto na mzazi kwa dakika 15 hadi 20, wakifanya hesabu pamoja. Kundi la tatu halikupata chochote, ili wawepo wa kulinganisha nao.

Matokeo? Ujumbe peke yake haukuleta tofauti kubwa. Ujumbe pamoja na simu uliwasaidia watoto kujua hesabu zaidi. Baadaye jaribio hilo lilirudiwa katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Uganda, na simu ikaonyesha tena kwamba inasaidia.

Tuzingatie kilichotumika hapo: simu yoyote inayopokea sauti. Kenya nayo, Julai 2020, ilikuwa imepata intaneti kutoka kwa maputo ya kampuni ya Loon yaliyoelea angani. Mapema mwaka 2021 kampuni hiyo ikatangaza kufunga shughuli zake. Kabambe bado iko mfukoni mwa mzazi.

Tunachojifunza ni kwamba somo linahitaji njia ya kurudi. Redio ilipeleka, lakini hakukuwa na mtu wa kupokea jibu, kusahihisha na kuuliza mbona wiki hii kimya. Pale ambapo dada mkubwa, jirani au mwalimu alijitolea kufanya hivyo, mtoto alipata mtu wa kumwonyesha daftari lake. Penginepo, matangazo yalipita juu ya paa.

Tujiandae vipi?

Nyumbani. Chukua namba ya simu ya mwalimu wa darasa sasa, shule zikiwa wazi, na uhakikishe shule ina namba yako inayopatikana. Siku ya kufungwa huwa ya haraka, hakuna anayekumbuka.

Chagueni saa moja ya masomo isiyoguswa na kazi. Ng'ombe wanaweza kutoka nusu saa baadaye. Mtoto awe na daftari la redio, aandike tarehe, somo na jambo moja ambalo hakulielewa.

Jioni mwulize: leo umesikia nini? Nieleze kama vile sijui. Huhitaji Kiingereza wala hesabu za darasa la saba ili kuuliza hivyo. Mtoto akikwama katikati ya maelezo, yeye mwenyewe atajua pale alipokwama. Andikeni swali hilo kwa ajili ya mwalimu, au kwa mwanafunzi mkubwa wa jirani.

Kama mtoto atatumia simu, aitumie mchana, mahali mnapomwona, na azungumze na namba mnayoijua.

Shuleni. Mwalimu mwenye wanafunzi 40, akimpigia kila mmoja dakika 15 kwa wiki, anahitaji saa 10, yaani saa mbili kwa siku kwa siku tano. Mwenye wanafunzi 60 anahitaji saa tatu kwa siku. Si kazi ndogo, lakini inawezekana kwa mwalimu ambaye darasa lake limefungwa. Swali ni nani analipia muda wa maongezi. Katika kufungwa kule, walimu waliopiga simu mara nyingi walitoa mfukoni mwao. Tunaona kwamba gharama hiyo iwekwe kwenye mipango ya shule na ya wizara mapema, kama chaki inavyowekwa. Wazazi wanaweza kuuliza jambo hili kwenye mkutano ujao wa shule.

Na simu hiyo si ya hesabu tu. Mtoto akikosekana wiki mbili mfululizo, mwalimu anamwambia chifu au mzee wa kijiji aulizie. Hapo rejista imerudi.

Redioni. Sisi nasi tuna deni. Ratiba itangazwe wiki moja kabla, si asubuhi ya somo. Somo la asubuhi lirudiwe jioni, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa malishoni. Mtangazaji aulize, anyamaze, ampe mtoto nafasi ya kuandika. Majibu yasomwe kesho yake, na maswali ya watoto waliopiga simu yajibiwe hewani kwa jina la kwanza na kijiji, kama tunavyosoma salamu.

Watoto waliokuwa darasa la saba mwaka 2020 wameshavuka umri wa miaka 18. Wapo waliomaliza shule, na wapo ambao hawakurudi baada ya ile Januari 4. Wadogo zao ndio walio Sekondari Msingi sasa. Shule zikifungwa tena, redio tutaiwasha. Kabla ya siku hiyo kila nyumba na ijiulize: nani atalishika daftari la huyu mtoto?