Betri kwa Mpangaji Nayo Ni Siasa

Vijana wenzangu, kila umeme ukikatika tunaambiwa tujiongeze: funga sola, funga inveta. Sawa, ila nifunge wapi? Mimi napanga. Ukuta si wangu, paa si langu, na kodi ya miezi sita ikiisha naweza kuambiwa nihame. Najua wengi wenu mko hivyo hivyo.

Ndiyo maana naitetea betri ya kuchomeka. Haihitaji fundi wala kutoboa ukuta. Umeme ukiwepo unaichomeka kwenye soketi inajaa. Ukikatika, unachomeka vitu vyako kwenye betri. Ukihama unaibeba.

Tupige hesabu. Betri ya kilowati-saa moja inajazwa na uniti moja ya LUKU na kidogo juu yake. Kinyozi mwenye mashine mbili, taa na TV, jumla wati 100, anapiga kazi karibu saa nane. Ila tusidanganyane: pasi ya wati 1,000 inaimaliza ndani ya saa moja. Mwenye mashine ya kuchomelea bado anahitaji mfumo mkubwa wa kufungwa.

Na betri isiwe kichaka cha serikali kujificha. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, ila kinyozi hanyoi kwa megawati za bwawani. Transfoma ikiwa mbovu na nyaya za mtaa zikiwa chakavu, atakaa gizani vilevile. Hilo tutaendelea kulidai.

Tukiwa tunadai, mpangaji naye awekwe kwenye sera. Inawezekana. Ujerumani walibadilisha sheria mwaka 2024: mpangaji akiomba kuweka sola ndogo ya kuchomeka kwenye kibaraza, mwenye nyumba hawezi kumkatalia hivi hivi tu. Wamemfikiria mtu asiye na paa lake.

Sisi tudai mambo matatu. Kwanza, betri hizi zisibebeshwe VAT ya asilimia 18; hiki ni kifaa cha kazi, si anasa. Pili, TBS ihakikishe kila boksi linaandikwa wati-saa halisi. Muuzaji anakutamanisha na "mAh 20,000", kumbe kwa betri ya volti 3.7 hiyo ni wati-saa 74 tu, haimfikishi kinyozi wetu hata saa moja. Tatu, kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana iruhusu kikundi cha vinyozi au mafundi simu kukopa betri moja kwa moja.

Diwani akija mtaani kwenu kuomba kura, msimuulize tu umeme utarudi lini. Muulizeni pia: kijana asiye na nyumba ana nafasi gani kwenye mipango yenu? Akikosa jibu, kura mnajua pa kuipeleka.