Jicho Halisomi Chipu

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi cha redio, msikilizaji alipiga simu kuuliza wapi anunue SSD ya kuweka kwenye laptopu yake. Mgeni wa studio, aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa kompyuta, hakusita. Mtandaoni kumejaa matapeli, alisema. Nenda dukani, kishike kifaa kwa mkono wako, kitazame kwa macho yako, ndipo utoe hela. Mtangazaji akaafiki. Wasikilizaji wakatuma ujumbe wa pongezi. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijapoa mpaka leo ninapoandika.

Ushauri huu nimeusikia kwenye vikao vya harusi, kwenye ofisi za uhasibu, kwa walimu wakuu, kwa wazazi wanaomnunulia mtoto kompyuta ya chuo. Unatolewa kwa sauti ya hekima na kupokewa bila swali. Ni ushauri mbovu, na naamini umewagharimu Watanzania fedha nyingi kuliko matapeli wa mtandaoni wanaotajwa kila siku.

Embe utalinusa, utalibonyeza, utajua kama limeiva. Kifaa cha kompyuta hakina harufu wala ulaini. Thamani yake yote imo ndani ya kipande cheusi chenye upana wa ukucha, na jicho la binadamu halisomi chipu. Sisemi kwamba jicho linasoma kwa shida au kwamba linahitaji mazoezi. Halisomi kabisa. Lako halisomi, la muuzaji halisomi, na la yule mtaalamu wa redio halisomi.

Jirani yangu anapiga picha za sherehe. Alikwenda Kariakoo kununua memori kadi ya GB 128, na alifanya kila kitu ambacho redio ingemwagiza. Alichagua pakiti iliyofungwa. Alisoma jina la kampuni, akaligeuza boksi, akakagua chapa. Akamtaka muuzaji aichomeke kwenye kompyuta ya dukani, na kompyuta ikaonyesha ukubwa uleule ulioandikwa kwenye pakiti. Akalipa akiwa ameridhika. Jumamosi akapiga sendofu ya binti mmoja wa mtaani kwetu. Picha za mwanzo zilifunguka vizuri. Zilizofuata zilikuwa mafaili yaliyokufa: keki haipo, wazazi hawapo, shangazi waliosafiri kutoka Tabora hawapo. Picha hizo hazitapigwa tena kwa sababu binti haagwi mara mbili. Aliporudi dukani alionyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kilichotokea ni utapeli wa zamani na unaojulikana dunia nzima. Ndani ya memori kadi, flashi au SSD kuna chipu inayosimamia kumbukumbu, na hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ukubwa wa kifaa. Matapeli huibadilishia programu. Kumbukumbu halisi ni GB 8 au 16, lakini chipu inatangaza 128. Kompyuta haina sababu ya kubisha, inaandika ilichoambiwa. Ukishajaza zile GB za kweli, kinachofuata kinaandikwa juu ya cha zamani au kinapotea moja kwa moja. Kwa hiyo hata ile hatua ya kuchomeka dukani, ambayo watu wetu wanaiona ndiyo kilele cha ujanja, haithibitishi chochote. Umemuuliza mwongo kama anasema kweli, naye amekujibu ndiyo.

Kipimo cha kweli kipo, tena ni cha bure. Jarida la Ujerumani liitwalo c't lilitoa programu ya H2testw, ambayo hujaza kifaa chote kisha hukisoma chote ili kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Sasa piga hesabu. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde inahitaji karibu saa mbili kujaa tu, kabla ya kuanza kusomwa. Ni muuzaji gani wa Kariakoo atakuacha usimame kwenye kaunta yake saa mbili, huku wateja wanasukumana nyuma yako? Kipimo hicho kinafanyika nyumbani. Na kama kinafanyika nyumbani, baada ya kulipa, basi kinga yako ni haki ya kurudisha mzigo na kupata hela yako. Kutazama hakukusaidii hapo. Haki hiyo ndiyo ambayo maduka yetu yameiua kwa karatasi moja ya ukutani.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya flashi za bei rahisi. Mwanzoni mwa 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani, vikiongozwa na tovuti ya heise, vilifichua kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zinauzwa kama mpya. Wauzaji walizitoa kama mpya na wanunuzi walizipokea kama mpya. Kumbukumbu ya kawaida ya matumizi ilikuwa imefutwa ionekane sifuri. Kumbukumbu nyingine ya ndani, ambayo matapeli hawakuigusa, ilionyesha baadhi yake zimekwisha kufanya kazi zaidi ya saa 15,000. Nani aligundua? Hakuna aliyegundua kwa kupapasa boksi. Waligundua waliosoma namba: namba ya mfululizo, na saa zilizoandikwa ndani ya diski yenyewe. Miaka mitano kabla, 2020, ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa inauza baadhi ya diski zake za Red zenye mfumo wa uandishi wa SMR, ambao huwa mzito sana katika kazi fulani, bila kuwaambia wanunuzi. Diski hizo zilikuwa halali, kutoka kiwandani, kwenye maboksi safi. Ungeitazama diski hiyo mpaka jua lizame usingeona kitu. Waliolijua jambo hilo ni wateja waliopima na kuandikiana mtandaoni.

Turudi Kariakoo. Huyo muuzaji unayemtazama usoni ukidhani umemshika, je, yeye alikiona kifaa kabla ya kukinunua? Wengi wao huagiza Guangzhou, Shenzhen au Dubai kwa picha na ujumbe wa simu. Wanalipa, wakala anafungasha, kontena linashuka bandarini. Yaani mzigo wote wa dukani ulinunuliwa mtandaoni! Mfanyabiashara ananunua bila kuona, kwa sababu anajua kinachomlinda ni makubaliano na rekodi ya malipo. Halafu wewe unaambiwa usifanye alichofanya yeye. Na mara nyingi hata uso unaoutazama si wa mwenye duka. Ni winga. Amekudaka barabarani, amekukaribisha kwa jina la bosi, amekimbilia fremu ya jirani kuchukua kifaa, ameongeza chake juu. Ukirudi kesho na malalamiko, winga yupo mtaa mwingine na mwenye fremu hajawahi kukuona.

Kinachomlinda mnunuzi ni maandishi. Masoko makubwa ya mtandaoni yamejengwa juu ya msingi huo. Tangazo lina maelezo ya kifaa, na maelezo hayo hayafutiki ukishalipa. AliExpress ina mpango wa kumrudishia mnunuzi fedha mzigo usipofika au usipolingana na tangazo. eBay nayo ina dhamana kama hiyo. Chini ya bidhaa kuna maoni ya walioitumia kabla yako, yenye picha za kifaa kilichofunguliwa na matokeo ya vipimo. Hakuna duka la Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo litakalokuletea wateja wake wa mwezi uliopita wakusimulie kilichowapata.

Nimesikia pingamizi lao kubwa, lile wanalolitoa kwa ushindi: kuna mtu aliagiza simu Instagram akaletewa sabuni. Jamani! Mtu aliyeona picha kwenye ukurasa usio na anwani, akatuma fedha kwa namba ya simu ya mtu asiyemjua, hakununua mtandaoni. Alimpa mgeni fedha zake. Angemkabidhi kijana yeyote stendi ya Magufuli angepata matokeo yaleyale, na hakuna ambaye angesema tuache kupanda mabasi. Wengine wanasema Jumia yenyewe ilifunga huduma zake Tanzania Novemba 2019, kwa hiyo mambo ya mtandao hapa kwetu yameshindikana. Hoja hii haina hata miguu ya kusimamia. Kampuni moja kuondoka hakuligeuzi boksi lililofungwa kuwa kioo cha kuona ndani.

Na hao wauzaji mnaowaamini, wana maarifa gani? Ingia uulize RAM. Utajibiwa "hii inaingia tu, bosi". Haiingii tu. DDR4 na DDR5 za kompyuta za mezani zote zina pini 288, ukiziweka kaunta moja zinafanana kama ndugu, lakini mkato wake uko mahali tofauti na umeme wake ni tofauti: volti 1.2 kwa DDR4, volti 1.1 kwa DDR5. Prosesa nazo ni hivyohivyo. Ya soketi ya AM4 haikai kwenye madabodi ya AM5, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Majibu haya yote yapo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, yameorodheshwa modeli kwa modeli. Mnunuzi anayeanza kwenye simu yake anafika kwenye uamuzi akiwa na jina kamili la kifaa. Anayeanza kwenye kaunta anaondoka na kile kilichokaa sana stoo.

Nikiwa hapo nina neno na mafundi. Unampelekea fundi laptopu aongeze RAM, anaifungua juu ya zulia, anashika chipu kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, hajagusa chuma kuondoa umeme tuli mwilini. Umeme huo hauonekani na mara nyingi hausikiki, lakini unaweza kuiua chipu au kuijeruhi ife taratibu baada ya miezi. Kisha mteja anaambiwa kifaa kilikuwa feki. Wengine wanatoa RAM ya GB 8 uliyokuja nayo na kurudisha ya GB 4, wakijua hutafungua kuangalia. Ulimtazama kwa macho yako, ulikuwa umekaa kwenye stuli pembeni yake, na bado umeibiwa. Kuona kwako kulikusaidia nini?

Na risiti! TRA wanatuimbia miaka nenda rudi kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Dai risiti ya mashine ya EFD kwenye baadhi ya fremu uone sura inavyobadilika. Utaambiwa bei hiyo ni bila risiti. Ukitaka risiti bei inapanda. Au utapewa risiti yenye nusu ya fedha uliyolipa. Mnunuzi anakubali kwa sababu anaokoa shilingi elfu kadhaa, na papo hapo anatupa ushahidi pekee ambao ungemsaidia. Ununuzi wa mtandaoni hauna mazungumzo hayo. Malipo yanaacha alama benki, oda ina namba, tarehe ipo, jina la bidhaa lipo. Huwezi kunyimwa risiti na mashine ambayo kazi yake ni kuandika.

Linaloniumiza zaidi ni shule. Kamati inachangisha wazazi, inapata fedha za kuongeza vifaa kwenye chumba cha kompyuta, kisha inateua wazee watatu waende Kariakoo "wakaone kwa macho". Wanarudi na kifurushi, na wanasifiwa kwa uaminifu wao. Uaminifu wao siutilii shaka hata kidogo. Lakini pawasaplai nyepesi yenye maandishi makubwa ya wati 600 haijali uaminifu wa mzee. Inaungua siku watoto wanapowasha kompyuta zote, na watoto wa maskini ndio wanaokaa bila somo.

Sheria tunazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, nguvu ya kuwasaka wauza feki, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamtaja mlaji na kumlinda. Kadi iliyoandikwa GB 128 yenye GB 16 ndani ni uvunjaji wa wazi. Lakini sheria inaomba ushahidi, na ushahidi wa "nilikiona kwa macho yangu" unamsaidia muuzaji, maana atasema uliridhika.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji waache kuwapa watu kinga isiyokinga. FCC ipite fremu kwa fremu ikizibandua karatasi za "mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, maana zinamwambia mnunuzi hana haki ambayo sheria imempa. Kamati za shule zinunue kwa modeli iliyoandikwa, zipokee kwa kupima, zilipe kwa benki. Na wewe unayetaka SSD, agiza kwa muuzaji mwenye rekodi na dhamana ya kurudisha fedha. Mzigo ukifika ujaze, usome, ukague namba ya mfululizo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla muda wa kurudisha haujaisha. Mwenye duka wa Kariakoo anayeitaka hela yako afanye hivyohivyo: aandike modeli na namba ya mfululizo kwenye risiti ya EFD, akupe siku saba za kupima nyumbani, na kifaa kikishindwa akurudishie. Wapo wachache wanaofanya hivyo, na wanastahili wateja wote wa jiji hili. Asiyetaka kuandika, usimpe hata shilingi.