Meza ya Machinga Inavunjwa, Tela la Kigogo Linalindwa!

Oktoba 2021 walalahoi wa Dar es Salaam walikiona cha moto. Meza za wamachinga zilivunjwa, vibanda vikang'olewa, biashara za watu zikamwagwa chini. Sababu tuliyopewa ilikuwa moja tu: barabara ni mali ya umma, hakuna mwenye ruhusa ya kuigeuza duka lake. Na hao waliovunjiwa hawakuwa wavamizi wa jana. Desemba 2018 Serikali hii hii ya CCM iliwauzia vitambulisho kwa Sh. 20,000 kila mmoja, ikawaambia wafanye biashara bila kubughudhiwa.

Haya, tukubali kwamba barabara ni ya umma. Sasa tuulizane, ndugu msomaji: lile lori lenye tela lililolala mtaani kwenu jana usiku, lililala kwenye barabara ya nani?

Pita Tandika, Kurasini, Temeke au Vingunguti baada ya saa nne usiku, ujionee mwenyewe. Mtaa wa kupishana magari mawili madogo umebanwa na dude limelala ubavuni, tairi moja juu ya mtaro, jingine mlangoni kwa mama ntilie. Konteina la futi 40 peke yake lina urefu wa mita 12 na ushee. Ongeza kichwa cha lori, halafu uniambie zinaingia meza ngapi za machinga hapo. Lakini mgambo wa jiji, ambaye macho yake huona karai la mihogo kutoka mbali, hapo hupofuka ghafla!

Tusieleweke vibaya. Hatuna ugomvi na bandari. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi inapita hapa, na vijana wengi wanapata riziki kwa malori hayo. Wala adui yetu si dereva. Huyo ni mvuja jasho kama wewe, analala kwenye kabini na mbu wake, utingo akijikunja chini ya tela juu ya turubai. Wangepewa yadi yenye choo na maji wangeikimbilia wao wa kwanza.

Tatizo ni hesabu ya mwenye lori. Yadi inalipiwa, inataka mlinzi, inataka taa. Mtaa ni bure. Kwa hiyo tajiri anaokoa fedha yake, na gharama anawaachia nyinyi. Huo ndio ulaji wenyewe: faida inakwenda kwake, hasara inabaki uswahilini.

Na hasara hiyo si ndogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari zima kufikia tani 56, na ekseli moja yenye matairi mapacha kubeba tani 10. Uzito huo uliwekewa barabara kuu. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa la barabara huko Illinois, wakagundua kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka karibu mara 16. Sasa fikiria kilami chembamba cha mtaani, kilichojengwa kwa ajili ya bajaji na teksi, kinapandwa na mnyama huyo kila usiku. Kalavati zinapasuka, mitaro inaziba, dizeli inayovuja inalainisha lami. Mvua za masika zikija, maji yanaingia chumbani kwako.

Na barabara hizo si za bure. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kutukopesha dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam, zikiwemo barabara za mitaani. Mkopo huo atalipa nani? Utalipa wewe unayenunua vocha, sukari na petroli ya bodaboda, pamoja na mwanao ambaye hajazaliwa!

Tuache fedha, tuzungumze roho za watu. Tela lililoegeshwa gizani bila taa wala vibao vya kuakisi mwanga ni ukuta. Anayeukuta ukuta huo saa saba usiku ni kijana wa bodaboda anayetafuta hela ya kodi. Wakikumbuka sana, madereva huweka matawi ya miti badala ya pembetatu. Nyumba ikishika moto, utapiga 114 na Zimamoto watakuja, lakini watapita wapi? Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, abebwe mgongoni hadi barabara kuu?

Kuna linalotisha zaidi. Baadhi ya magari yanayolala kati ya nyumba za watu ni matenki ya mafuta. Jamani, tumesahau Morogoro? Agosti 10, 2019 tenki la petroli lilipinduka Msamvu, likalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Pale palikuwa pembeni mwa barabara kuu, tena mchana. Mtaani kwako kuna majiko ya mkaa, wavuta sigara na watoto waliolala.

Wakubwa watasema sheria ipo. Ndiyo, ipo! Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuacha gari mahali linapohatarisha au kuzuia wengine. Sheria ina zaidi ya miaka 50, kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia bila kuangalia sura ya mwenye gari. Wala wasisingizie wapinzani. Katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024 walijitangazia ushindi wa zaidi ya asilimia 98 ya wenyeviti wa mitaa. Mtaa ni wao, halmashauri ni yao, mgambo ni wao. Basi na tela nalo ni lao!

Watasema pia kwamba dawa imepatikana, kwani Julai 2025 walizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani. Vizuri. Lakini bandari kavu ya Kwala haiwezi kuliondoa tela lililolala Tandika kama hakuna wa kumwambia mwenye nalo liondoe.

Nawe kijana wa kijiweni, nina neno nawe. Unapewa buku mbili ulilinde tela hadi asubuhi, unaona umepata. Umelipwa buku mbili ulinde mtego ambao kesho utamnasa rafiki yako mwenye bodaboda. Wakati huo machinga mwenzako amekosa hata futi tatu za kuweka meza. Amka!

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila mtaa uwekewe kibao cha kuzuia malori makubwa kulala, na faini imwangukie mwenye gari, siyo dereva. Pili, halmashauri itenge yadi zenye choo, maji na taa kwenye njia kuu, ziwe na bei inayojulikana. Tatu, matenki ya mafuta yaondoke kwenye makazi ya watu leo, siyo baada ya tume na semina.

Mkutano wa mtaa ukiitwa, usiwaachie wazee peke yao. Nenda na namba za magari, tarehe na saa uliyoyaona, uandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti akikataa kuandika, andika jina lake. Mwaka 2029 si mbali.