Maktaba za vyuo vya ualimu ziwaazime na walimu wa vijijini



Nina dukuduku kuhusu utaratibu wa kuazima vitabu katika maktaba za vyuo vya ualimu.

Nilipokuwa mwanachuo, kitambulisho kilinipa haki ya kuazima vitabu 2 kwa siku 14. Kitabu chenye nakala moja kilisomwa humo humo ndani, na aliyechelewesha kitabu alitozwa faini. Taratibu hizo sizipingi, kwani bila hizo rafu zingebaki tupu. Tatizo linaanza siku ya kumaliza chuo. Mwanachuo hurudisha vitabu vyote, fomu yake hugongwa muhuri kwamba hadaiwi, na haki yake huishia hapo.

Miaka 3 iliyopita nilikwenda kwenye maktaba ya chuo kimoja kutafuta kitabu cha mbinu za kufundisha kusoma. Niliambiwa naweza kusomea ndani hadi saa 10 jioni, lakini kuazima ni kwa wanachuo na wakufunzi tu. Nauli ikanitoka na kitabu nikakiacha.

Je, ni nani anayekihitaji zaidi kitabu hicho? Mwanachuo anakisoma ili afaulu mtihani. Mwalimu ana darasa lililojaa watoto, na baadhi yao hawajui kusoma. Isitoshe, mwaka 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika katika darasa la kwanza na la tatu. Sisi tuliosomea ualimu kabla ya hapo tunahitaji vitabu kuliko tulipokuwa chuoni.

Wapo watakaosema twende kwenye maktaba za umma. Ni kweli Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na mikoani nako zipo maktaba. Lakini hizo ni za wananchi wote, na kwa wengi wetu ziko mbali. Wengine watatuelekeza kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tunaitumia na tunashukuru, ila bando tunanunua kwa fedha zetu, na vipo vijiji ambako mtandao ni wa kutafuta kilimani.

Najua wakutubi wanahofia kwamba kitabu kikienda kijijini hakitarudi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ipo. Kwanza, mwalimu alete barua ya mwalimu mkuu wake na aweke amana inayolingana na bei ya kitabu. Akirudisha kitabu, arudishiwe fedha yake. Pili, vitabu vyenye nakala moja visitoke. Tatu, tuanze kuazimwa wakati wanachuo wakiwa likizo au katika mazoezi ya kufundisha. Wakati huo vitabu vimelala tu rafuni, na hakuna mwanachuo atakayepunjwa.

Serikali imetumia fedha kutusomesha, na imetumia fedha kununua vitabu hivyo. Haifai viwili hivi vitengane mara tu kazi inapoanza. Naziomba Wizara ya Elimu na wakuu wa vyuo walifikirie jambo hili. Tunaambiwa kila siku kwamba elimu haina mwisho. Basi na haki ya kuazima kitabu isiishie siku ya mahafali.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.