Dozi ya mseto haitaki tumbo tupu

Mwezi huu tuongelee malaria, ugonjwa unaoingia chumbani bila kubisha hodi.

Nikiwa Kibiti, au Nyamisati nikisubiri boti ya kwenda visiwa vya delta ya Rufiji, huwa nasikia kauli ileile ya washkaji wa Dar: "Mimi bila sindano siponi." Jamani, sindano siyo mbabe wa kidonge! Inamfaa mgonjwa wa malaria kali, yule asiyeweza kumeza, anayetapika kila kitu au aliyepoteza fahamu. Kwa malaria ya kawaida, dawa mseto ya ALu, inayotumika nchini tangu 2006, inatosha kabisa.

Ila ina masharti. Lumefantrini iliyomo ndani yake huingia kwenye damu vizuri ukila chakula chenye mafuta. Ukimeza kwa chai ya rangi tupu, sehemu kubwa inapita tu. Watu wa delta wana bahati, wali wa nazi upo jikoni. Mtu mzima anameza vidonge 4 mara 6 kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza. Homa ikishuka siku ya pili usiache, vimelea bado wapo.

Na watoto je? Kidonge kichungu kikitemwa, dozi imepotea. Ndiyo maana mwaka 2009 kilitoka kidonge kitamu kinachoyeyuka kwenye maji kidogo.

Lakini mtoto akizidiwa kisiwani usiku, na boti inasubiri maji yajae? Ipo artesunate ya kuwekwa njia ya haja kubwa. Utafiti wa Tanzania, Ghana na Bangladesh uliotoka 2009 ulionyesha kuwa kwa waliochelewa kufika kituoni zaidi ya masaa 6, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa nusu. Lakini inanunua muda tu, haimalizi tiba. Safari ya hospitali iko palepale.

Kwa hiyo mwenzako akipata homa, mpeleke akapime kwanza. Akipewa mseto, mpikie, tegesha alamu ya simu, hakikisha amemaliza vyote 24. Hayo nayo ni mapenzi, tena kuliko maua.

Tukutane toleo lijalo!