BOTI HAIJAPOTEA NJIA, ALIYEPOTEA NI ALIYEPIGA SKRINSHOTI

Kuna Mbongo mmoja anaishi London, jina kapuni, amegeuza ramani kuwa ajira. Anafungua Google Earth, anashuka taratibu juu ya mifereji ya Uingereza, anatafuta boti iliyokaa vibaya, anapiga skrinshoti, anaizungushia duara jekundu na kuandika: "Hii nayo imepotea njia." Mafolowa wanakufa kwa kicheko. Kesho yake anatupia nyingine.

Hadi hapo hakuna ubaya. Kuzisaka boti hizo kutoka angani ni mchezo mtamu. Mifereji mingi ya kule ilichimbwa miaka 200 na zaidi iliyopita, kubebea makaa ya mawe na mizigo ya viwandani, na boti zake ni nyembamba za ajabu. Upana ni kama mita 2.1, urefu unaweza kufika mita 22. Yaani ni ndefu kuliko basi la mwendokasi lile la kujikunja, lakini kwa upana hata basi linaishinda. Ukiitazama kutoka juu ni kama kalamu iliyodondoka kwenye mtaro. Ukiona kalamu imekaa upande, lazima ucheke.

Shida ni kwamba jamaa hakuishia kuangalia. Alianza kutunga. Kila picha ikaja na hadithi, na kila hadithi ni chai. Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Anza na ile iliyompa kiki. Boti imekingama mfereji mzima, mbele imegusa ukingo huu, nyuma imegusa ule. Jamaa kaandika kwamba nahodha kalewa, ati ni "Ever Given ya maskini". Watu wakaikumbuka ile meli ya mita 400 iliyoziba Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, picha zake za setilaiti zikazunguka dunia nzima, basi kicheko kikaongezeka.

Ukweli ni upi? Boti ilikuwa inageuza. Mfereji wenyewe ni mwembamba kuliko urefu wa boti, kwa hiyo kuna sehemu maalumu zilizopanuliwa upande mmoja. Unaingiza mbele ya boti kwenye ile nafasi, unazungusha nyuma, unarudi ulikotoka. Kamera ikipita angani dakika hiyo hiyo, itakuonyesha boti "iliyokwama". Ni sawa na kumpiga picha dereva akiwa katikati ya kugeuza gari, halafu kumtangaza mjini kwamba kafunga barabara.

Ikaja ya pili, boti "inayopaa". Hii kweli inashtua. Boti iko kwenye kamstari kembamba ka maji, chini yake bonde, miti na mto. Jamaa kasema ni picha ya kutengeneza, wazungu wanatuchezea akili. Kumbe ni daraja la maji la Pontcysyllte, kule Wales. Wahandisi Thomas Telford na William Jessop walilijenga, likafunguliwa mwaka 1805. Lina urefu wa mita 307 hivi, na boti zinapita kwenye beseni refu la chuma, karibu mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja una njia ya miguu na reli za kushikilia. Upande wa pili hauna reli yoyote, ukichungulia kutoka kwenye boti unaona hewa tu. UNESCO waliliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2009. Kazi ya watu iliyosimama zaidi ya miaka 200 ikaitwa feki na mtu aliyeshindwa kusoma jina la daraja lililoandikwa pale pale kwenye ramani.

Ya tatu ikawa nusu boti, mbele ipo, nyuma hakuna. Hapo komenti zikachafuka, wengine wakaingiza mpaka Freemason. Jamani! Ramani ile si picha moja. Ni vipande vingi vilivyopigwa siku tofauti, vingine kwa setilaiti, vingine kwa ndege, vikaunganishwa kama viraka. Kipande hiki boti ilikuwepo, kipande cha jirani kilipigwa siku ambayo boti ilishaondoka. Mshono umepita katikati. Mizimu haihusiki.

Na ile iliyokaa kwenye majani, mbali na maji, iliyoitwa "boti ya kichaa"? Ilitolewa majini kwa winchi ili ipakwe rangi nyeusi ya kuzuia kutu tumboni. Boti za chuma hufanyiwa hivyo kila baada ya miaka miwili au mitatu. Yaani gari likiwa gereji nalo tuseme limerukwa na akili?

Kuna nyingine zinazoonekana zimelala ubavu kwenye tope. Hizo ndizo zilizopata laiki nyingi kuliko zote, na ndizo ambazo hazichekeshi kabisa. Machi 2018, karibu na mji wa Middlewich, ukingo wa mfereji ulibomoka, maji yakakimbilia mtoni na boti zikabaki zimekwama mkavu. Ndani ya boti kuna vitanda, majiko, picha za ukutani, kwa sababu maelfu ya watu Uingereza wanaishi humo mwaka mzima. Inayoonekana kama kalamu iliyoanguka inaweza kuwa nyumba ya mtu, siku yake mbaya kuliko zote. Ungecheka kama ni nyumba ya Jangwani imeingia maji?

Sasa njoo kwenye lililovuka mpaka.

Jamaa aligundua kwamba Google Earth inatunza picha za zamani. Akachukua picha mbili za sehemu moja, zimepishana miaka miwili. Zote zina boti ya kijani pembeni ya daraja lile lile. Akaandika kwamba mwenye boti hajahama miaka miwili, anakula bata mjini bure wakati wenzake wanakamuliwa kodi ya nyumba. Akaongeza namba ya daraja. Madaraja ya mifereji kule yana namba, kwa hiyo hiyo ni anwani kamili. Ni sawa na kuandika mtaa na nyumba.

Haikupita wiki, watu wakafika. Wanagonga dirisha, wako laivu, wanacheka. Ndani kulikuwa na mama mmoja na mwanawe wa shule ya msingi.

Wengi waliokuwa wanachochea moto hawakujua uzito wa ile tuhuma. Kule, sheria ya mwaka 1995 inasema mwenye boti asiye na maegesho ya kudumu lazima awe anasafiri. Haruhusiwi kukaa sehemu moja mfululizo zaidi ya siku 14, isipokuwa awe na sababu ya msingi. Asipowaridhisha wenye mifereji, leseni inaweza kuondoka, na boti ikatolewa majini. Boti ikiondoka, nyumba imeondoka. Kwa hiyo "hajahama" siyo utani. Ni kumshitaki mama wa watu kwa kosa linaloweza kumlaza nje na mtoto.

Na ushahidi wenyewe ni picha mbili! Mtu akikupiga picha Kariakoo mwaka huu, akakupiga tena Kariakoo baada ya miaka miwili, je, umelala Kariakoo siku zote hizo? Mwenye boti anaruhusiwa kuzunguka na kurudi. Halafu kutoka angani unaona paa tu. Paa la kijani, sola tatu, gunia la makaa na ndoo za maua. Boti za namna hiyo ni kibao.

Mama mwenyewe aliingia kwenye komenti akajieleza kwa upole. Boti ile aliinunua mwaka jana. Picha zote mbili zilipigwa kabla hajaimiliki, na ile ya kwanza hata boti yenyewe ni nyingine, sola zake zimepangwa tofauti. Hakutukana mtu. Aliomba tu namba ya daraja iondolewe kwa sababu mtoto anaogopa kulala.

Komenti yake ikafutwa. Posti ikabaki.

Kukosea kusoma ramani ni kitu cha kawaida, kila mtu anakosea. Kufuta maneno ya uliyemkosea na kuacha anwani yake hadharani, huo ni ukatili. Na usije na ile ya "picha iko wazi, kila mtu anaiona". Paa liko wazi, sawa. Tuhuma haikuwa kwenye ramani, wala namba ya daraja haikujibandika yenyewe chini ya matusi. Vyote viwili viliwekwa na mtu. Usije pia na "ni burudani tu". Burudani gani inayohitaji mtoto akeshe?

Wahenga walishamaliza: nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Sembuse nyumba uliyoiona paa tu, tena kwa picha ya miaka iliyopita.

Staa afanye mambo matatu, na hayamgharimu hata bando kubwa. Afute posti, arudishe maneno ya yule mama, aombe radhi kwa sauti ile ile aliyotumia kucheka. Mafolowa nao wasijitoe. Bila laiki zao, lile duara jekundu lisingefika kwenye dirisha la mtu.

Na mchezo uendelee, kwa sababu ni mtamu kweli. Ukiona boti imekaa kiajabu, soma tarehe ya picha hapo chini ya skrini. Soma jina la mahali. Rudi nyuma kidogo uone kama kuna sehemu ya kugeuzia, daraja la maji au yadi ya matengenezo. Mara nyingi utakuta ukweli una ladha kuliko chai yoyote.

Mdau, ingekuwa ni paa la kwenu limezungushiwa duara jekundu, ungecheka? Dondosha komenti yako hapo chini. Ya kwako haitafutwa.