Anwani ya .rw iandikwe kwa jina la mteja



Tangu 2012 anwani za intaneti za Rwanda, zinazoishia na .rw, zinasimamiwa hapa nchini na shirika la RICTA, baada ya kuendeshwa kutoka nje ya nchi. Hilo nalishukuru. Lakini hapa Gisenyi, mwenye hoteli ya ufukweni hakutani na RICTA. Hukutana na fundi wa tovuti, na wapo mafundi wanaoandikisha anwani kwa majina yao wenyewe. Fundi na mwenye hoteli wakikosana, hoteli inapoteza tovuti, barua pepe na wageni kwa siku moja. Huo ni unyang'anyi.

Naziomba RICTA na mamlaka ya udhibiti, RURA, ziweke sharti kwa kila msajili wa anwani mwenye kibali: mteja ndiye aandikwe kuwa mmiliki, naye akitaka kuhamia kwa msajili mwingine, apewe msimbo wa siri wa uhamisho bila kucheleweshwa.

Mfanyabiashara,
Gisenyi, Rubavu